Nimepata nafasi chuoni na homoni ndiyo kwanza nimeanza: niahirishe mwaka?

Upepo_Mwanana
Masomo yanaanza baada ya miezi mitano. Mimi ni mwanamume niliyeandikwa wa kike kwenye cheti cha kuzaliwa, na testosteroni, homoni ya kiume, nina wiki sita nayo. Upasuaji wa kifua (wa kuondoa matiti) nimepangiwa tarehe, ila inaangukia wiki ya tatu ya muhula. Vyeti vyote vina jina la zamani. Nyumbani wanasema nikae mwaka mmoja mpaka mambo yaishe. Naomba mnisaidie kupima: lipi la kusubiriwa kweli, na lipi linaweza kwenda sambamba na masomo?

Mizani
Hilo la "mpaka yaishe" liondoe kwenye hesabu, maana homoni hazina siku ya kumaliza. Kwa testosteroni, hedhi kwa kawaida hukatika ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Sauti huanza kukwaruza katika miezi michache na kutulia kati ya mwaka 1 na 2, na ndevu huchukua hata miaka 4 au 5 kujaa. Wanawake walioandikwa wa kiume, wanaotumia homoni ya kike (estrojeni), nao husubiri matiti miaka 2 hadi 3 au zaidi, na sauti yao haibadilishwi na dawa, inataka mazoezi. Mwaka ukiisha utakuwa bado katikati ya njia.

Kinachotaka ratiba ni vipimo vya damu, takriban kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza. Testosteroni inaweza kuongeza chembe nyekundu mpaka damu ikawa nzito, ndiyo maana havirukwi. Kama unachoma sindano, muulize daktari damu itolewe siku gani. Mara nyingi ni katikati ya sindano mbili, la sivyo majibu yanapotosha. Na kama chuo kiko mji mwingine, beba barua yenye kipimo cha dawa na majibu ya mwisho. Testosteroni ni dawa inayodhibitiwa katika nchi nyingi, na duka la dawa halilazimiki kukuamini kwa mdomo.

Zamu_ya_Usiku
Mimi ningeitazama tarehe ya upasuaji kuliko yote. Kazi ya kukaa mezani watu wengi huirudia baada ya wiki 1 au 2, lakini kunyanyua vitu vizito na kuinua mikono juu ya mabega huzuiwa kwa wiki 4 hadi 6 hivi. Sasa weka hayo kwenye maisha ya bweni: mkoba wenye kompyuta na vitabu viwili tayari ni mzigo, na kitanda cha juu hupandwa kwa kujivuta na mikono. Makovu hutanuka na damu huvilia chini ya ngozi kwa sababu kama hizo hizo. Wiki ya tatu ndipo makundi ya maabara na majaribio ya kwanza yanapoanza.

Omba tarehe isogezwe: ama wiki 6 kamili kabla ya kufungua, ama mwanzo wa likizo ndefu. Waambie pia wakuweke kwenye orodha ya wanaoitwa mgonjwa mwingine akijitoa. Ingekuwa upasuaji wa kutengeneza uke, ule wa wanawake walioandikwa wa kiume, ningekwambia ahirisha bila kusita. Ule hutaka wiki 6 hadi 12 za kupona, kisha kupanua kwa kifaa mara kadhaa kwa siku kwa miezi, na kwa hilo unahitaji chumba chenye ufunguo wako peke yako.

Karani_wa_Udahili
Majina yashughulikie kabla ya kujisajili. Ukishaingia kwenye mfumo kwa jina la zamani, litasambaa kwenye barua pepe, kitambulisho, maktaba na orodha ya mahudhurio, na kulifuta ni kuzunguka ofisi moja baada ya nyingine. Kama sheria ya kwenu haijakuruhusu kubadili, uliza kama chuo kinapokea jina la kuitwa. Tunza nakala zilizothibitishwa za hati inayounganisha majina mawili. Benki na mfadhili wabadilishiwe jina katika wiki ile ile, kwani jina la akaunti lisipolingana na la mfadhili fedha hurudi.

Ukiamua kuahirisha, andika kabla ya siku ya mwisho. "Sababu za kiafya" zinatosha kwa barua ya kwanza. Jibu liwe la maandishi, litaje kozi na mwaka wa kuanza. Kumbuka chuo kuahirisha nafasi hakuahirishi ufadhili. Mfadhili ni mtu mwingine, na baadhi yao hufuta kabisa, basi mwandikie yeye kwanza. Vyuo vingi pia huruhusu kusimama masomo baada ya kusajiliwa, na hapo namba yako ya mwanafunzi inabaki.

Upepo_Mwanana
Ahsanteni sana. Hospitali wakikataa kusogeza je?

Zamu_ya_Usiku
Jisajili, kisha peleka barua ya daktari kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya muhula kuanza. Omba kitanda cha chini, ruhusa ya wiki 2 na masomo machache muhula huo. Maabara yenye kubeba vifaa isogezwe muhula wa pili.