Wakuu, nyumba ya bei poa Ripley, Ohio, mto uko mlangoni. Ninunue?

Mtoto wa Ujiji
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijajifunga kwa dalali.

Tunaishi Cincinnati mwaka wa sita sasa, na kodi kila mwaka inapanda. Tumepata nyumba ya zamani ya matofali, ya ghorofa, katika kijiji kinaitwa Ripley, kama kilomita 80 kutoka hapa ukifuata barabara ya 52 kando ya Mto Ohio. Watu wake hawafiki 2,000. Nyumba iko Front Street: unafungua mlango, barabara, majani kidogo, mto. Ng'ambo ni Kentucky. Kwa bei hiyo hapa mjini hupati hata gereji.

Nina shida mbili. Ya kwanza, niliposhuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, nilikuta mstari wa tope ukutani, unanifika kidevuni. Dalali akasema ni wa zamani, akabadilisha mazungumzo. Ya pili ni mama watoto. Yeye ni wa Bagamoyo. Alipokuta pale kibao cha kumbukumbu ya watumwa waliotoroka Kentucky kwa kuvuka mto alinyamaza njia nzima, tulipofika nyumbani ndiyo akasema: "Nimekulia pale, kila mgeni akija anataka kuonyeshwa minyororo. Leo nihamie tena kwenye minyororo, na mkopo wa miaka 30 juu yake?" Sikuwa na jibu.

Karibuni wenye uzoefu. Wa kejeli nawaomba wapite kimya kimya.

Roli Halilali
Mkuu, hiyo 52 napita nayo kila wiki. Ripley pazuri, nyumba zimepangwa zinatazama maji kama watu waliokaa barazani. Ila jua hili: hapo hakuna daraja. Kuvuka Kentucky mpaka upande juu Aberdeen, uingie Maysville. Asubuhi za vuli ukungu unatoka mtoni, humuoni aliye mbele yako. Kama kazi yako inaanza alfajiri Cincinnati, fanya hesabu ya mafuta na ya usingizi.

Vijijini huko waliishi kwa tumbaku. Aina ile nyeupe ya burley iliibukia wilaya hiyohiyo ya Brown mwaka 1864, na Ripley ilikuwa na maghala ya mnada. Siku hizi kuna makumbusho ya tumbaku. Kazi zilikwenda na tumbaku, ndiyo maana unaona bei hiyo.

Fundi Bima
Niachie huo mstari wa tope.

Mto Ohio ukifika futi 52 kwenye kipimo cha Cincinnati, hayo ni mafuriko. Januari 1937 ulifika futi 80. Machi 1997 ulifika futi 64 na ushei, na Ripley ilikuwa kati ya vijiji vilivyoingiwa na maji. Kwa hiyo "zamani" ya dalali inaweza kuwa juzi tu. Fanya haya kabla ya kusaini:

Ingia kwenye ramani za mafuriko za FEMA, idara ya serikali ya maafa, ni bure, uone nyumba imeangukia ukanda gani. Ikiwa ukanda wa hatari na unachukua mkopo wa benki, bima ya mafuriko ni lazima, wala bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko hata senti. Ile ya serikali inalipa jengo hadi dola 250,000, lakini vitu vya besimenti karibu vyote haivihesabu. Ukinunua kwa pesa taslimu bila benki, inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo usingoje mawingu. Mwombe muuzaji cheti cha mwinuko, kinachoonyesha nyumba iko juu kiasi gani ukilinganisha na maji ya mafuriko. Na fomu ya Ohio ya kueleza hali ya nyumba uisome mwenyewe neno kwa neno, usisomewe.

Hita na paneli ya umeme viko wapi? Kama viko besimenti, bei si hiyo uliyoambiwa.

Bi Mkubwa wa Columbus
Mwanangu, mimi nataka kusema na mkeo.

Mama, kwanza jua mpaka uko wapi. Watu hudhani mpaka ni katikati ya mto. Sivyo. Mto karibu wote ni wa Kentucky, mpaka ni pale maji yalipokuwa yakiishia yakipungua upande wa Ohio mwaka 1792, Kentucky ilipopata kuwa jimbo. Mahakama Kuu ya Marekani ililirudia hilo mwaka 1980. Sasa fikiria mtu anayetoroka utumwa wa Kentucky, yuko ndani ya ngalawa usiku: yuko Kentucky, yuko Kentucky, yuko Kentucky, mpaka chombo kikwame kwenye tope mbele ya Front Street.

Mtaani hapohapo aliishi John Parker. Alizaliwa mtumwa Norfolk, Virginia, 1827, akauzwa ana miaka 8, akafikia Mobile, Alabama. Alijinunua mwenyewe 1845 kwa dola 1,800, pesa ya kibarua cha kusubu chuma. Akaja Ripley, akafungua kiwanda chake na kupata hataza za uvumbuzi wake. Mchana chuma, usiku makasia. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyonyata chumbani kwa bwana mmoja ng'ambo, kitoto cha wazazi waliotaka kutoroka kimelazwa miguuni pa kitanda ili wasithubutu kwenda, bastola ziko kitini na mshumaa unawaka. Akakinyakua, akakimbia nacho hadi mtoni. Binti yake Hortense alihitimu chuo cha Mount Holyoke 1883.

Mlimani juu ya kijiji alikaa mchungaji John Rankin, aliyewaficha watoro, na watoto wake 13, taa dirishani inaonekana hadi ng'ambo. Mwaka 1841 walivamiwa usiku kwa bunduki, vijana wake wakawafukuza wavamizi.

Mimi nimefika Bagamoyo. Pale watu walipakiwa. Hapa walishuka.

Mkorofi Wastani
Shikamoo Bi Mkubwa, ila tusiipake rangi. Ohio ilipiga marufuku utumwa, sawa, lakini sheria zake za 1804 na 1807 zilimtaka mtu mweusi awe na cheti cha uhuru na wadhamini wa dola 500. Sheria ya Marekani nzima ya 1850 ikaongeza faini ya dola 1,000 na jela miezi 6 kwa atakayemsaidia mtoro. Wasaka watu walizunguka mitaa ya Ripley yenyewe, ndiyo maana wakimbizi walipitishwa haraka kuelekea Kanada. Aliyeshuka hapo hakulala hapo.

Na leo kijiji karibu chote ni Wazungu. Watoto wako watakuwa wangapi weusi darasani? Hilo hujauliza.

Bi Mkubwa wa Columbus
Marahaba. Kweli tupu, sikatai. Ulizeni shuleni.

Samaki Mchanga
Mimi swali langu moja: kama mto ni wa Kentucky, leseni ya kuvua ya Ohio inafaa? 😂

Roli Halilali
Inafaa mtoni, majimbo hayo yamekubaliana. Kambale hapo wakubwa balaa.

Mtoto wa Ujiji
Mrejesho, wakuu. Jumamosi tulirudi wote. Tulipanda ngazi za kwenda kwa Rankin, mama watoto alipoteza hesabu kwenye 60 na kitu kwa kuhema. Juu alikaa kwenye majani akautazama mto muda mrefu, nikajua kukaa kimya. Mwisho akaniuliza: "Hivi Hortense alisomea nini?" Sikujua.

Bi Mkubwa, ujumbe wako alishausoma mara tatu. Mkorofi, shuleni tunakwenda Jumanne.

Jirani, bibi wa makamo, alitushusha besimenti kwake akatuonyesha mistari miwili, wa chini wa 1997. Wa juu uko kwenye ngazi, karibu na jikoni. Hita yake ameihamishia ghorofani. Ya nyumba yetu bado iko chini, pamoja na paneli. Nimemwambia dalali ashushe bei au tuachane, na sasa kuna nyumba nyingine mtaa wa nyuma, ndogo, haina mto mlangoni. Mke anaitaka ya mtoni.

Mwenye fundi anayejua matofali ya zamani na chokaa, si saruji, anitumie inbox.