Mrejesho: wale nguruwe pori wa Saskatchewan

Wakuu, mwezi wa tisa niliwauliza tufanyeje na nguruwe pori wanaofukua shamba la shayiri ninakofanya kazi, huku Saskatchewan, Kanada. Wengi mlisema piga risasi. Bosi akapiga. Wakadondoka wawili, waliobaki wakatawanyika na kuanza kutembea usiku tu. Kazi ikawa ngumu zaidi.

Kumbe si wanyama wa asili huku. Waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1980 na 1990 kwa ajili ya kufugwa. Soko lilipodorora, wengine walitoroka, wengine waliachiwa makusudi. Baridi haiwatishi: wanajichimbia pango kwenye matete na theluji. Mimi mtu wa Songea nimeliona moja kwa macho yangu, mvuke unatoka juu kama sufuria ya ugali!

Safari hii tuliweka boma la vyuma, tukamwaga mahindi wiki tatu lango likiwa wazi, wazoee. Kamera inatuma picha kwenye simu. Juzi saa nane usiku wakaingia 11, majike na watoto, bosi akabonyeza, lango likashuka.

Ila jana nimekuta nyayo mpya kwa jirani, na yule mzee tayari anasafisha bunduki.