Fomu ya maswali 25 kwa kidato cha tatu: mwalimu mkuu anataka majina

MwalimuAhero

Wadau, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya kutwa upande wa Ahero, Kisumu, hapa Kenya. Muhula huu tuliwajazisha kidato cha tatu ile fomu ya SDQ ya kuchunguza hisia na tabia za vijana, ya maswali 25, ile ambayo kijana anajijazia mwenyewe: si kweli, kweli kiasi, kweli kabisa. Wazazi walitia sahihi idhini. Mwongozo unasema jumla ya 0 hadi 15 ni kawaida, 16 hadi 19 ni mpakani, na 20 kwenda juu ni tatizo. Basi nina rundo la walio juu ya 20, kubwa kuliko nilivyotarajia.

Sasa mwalimu mkuu anataka orodha ya majina ifike ofisi ya walimu Ijumaa, eti kila mwalimu wa darasa "awaangalie watu wake". Naibu wake ndiye amenichosha zaidi. Anataka kujua ni nani aliyejaza "kweli kabisa" kwenye swali la kuchukua vitu visivyo vyake, kwa sababu kuna simu mbili za walimu zilizopotea. Nimemwambia nitamjibu.

Halafu kuna wawili wanaonisumbua kichwa. Mvulana mmoja, mwanasoka, mchekeshaji wa darasa, amepata 30. Na kuna msichana ambaye tangu Februari hali chakula na wenzake, madaftari yake yameanza kuwa matupu, nilikuwa na hakika angetokea juu. Amepata 11. Niamini fomu au macho yangu?

Muuguzi_Kondele

Pole kwa kazi, mwalimu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na fomu hizi nimezishika sana.

Kabla hujamwita mtu, rudia kujumlisha. Fomu hiyo ilitungwa na daktari wa Uingereza, Robert Goodman, ikachapishwa 1997, na ndani yake mna maswali matano yanayohesabiwa kinyumenyume: nafikiri kabla ya kutenda, namaliza kazi, natii ninachoambiwa, nina rafiki angalau mmoja, wenzangu wananipenda. Hapo "kweli kabisa" ni 0 badala ya 2, na "kweli kiasi" inabaki 1. Ukisahau, mtoto mtulivu mwenye marafiki zake unamtwika alama 10 za bure. Na yale matano ya wema, kusaidia aliyeumia na kugawana na wenzake, hayaingii kwenye jumla kabisa. Ndiyo maana jumla inaishia 40.

Ukishamaliza, acha jumla, shika karatasi yenyewe. Tafuta aliyeteremka safu moja kutoka juu hadi chini. Anayeteremka safu ya kati anapata 20 kamili, anaingia kwenye rundo lako bila kusoma hata swali moja. Anayeteremka "kweli kabisa" anapata 30. Anayeteremka "si kweli" anapata 10 na kupita salama. Huyo mwanasoka ningeanza naye hapo. Ilijazwa saa ngapi? Kama ilikuwa karibu na saa za michezo, usishangae.

Kisha kuna jambo la huku kwetu. Swali moja linauliza kuhusu kuumwa kichwa, tumbo na kujisikia mgonjwa mara kwa mara, nalo linahesabiwa upande wa hisia. Fomu inauliza kuhusu miezi sita iliyopita. Hapo Ahero kwenye mpunga, ndani ya miezi sita ni mtoto gani hajaumwa malaria? Ukimwona ana 2 hapo na maswali mengine ya hisia ni sifuri, muulize alipimwa lini, usikimbilie huzuni.

Na usibadilishe maneno ya maswali ili yaeleweke zaidi. Najua walimu mnapenda. Fomu ni bure kuitumia kwenye karatasi, lakini wenyewe hawaruhusu kuihariri, na ukiihariri hizo 16 na 20 hazina maana tena.

Takwimu_Njoro

Naongezea hesabu kidogo, maana rundo kubwa halipaswi kukutisha. Uchunguzi wa kitaifa wa vijana wa miaka 10 hadi 17 uliotolewa 2022 ulipata kwamba asilimia 44 hivi walikuwa na shida fulani ya akili katika mwaka uliotangulia, lakini waliofikia kiwango cha ugonjwa ni asilimia 12 hivi.

Chukua wanafunzi 100, 12 kati yao ni wagonjwa kweli. Tuseme fomu inanasa wagonjwa 8 katika kila 10, na kwa wazima inakosea wawili katika kila 10. Hizo namba mbili ni za mfano tu. Utanasa wagonjwa 10 hivi, na wazima karibu 18. Yaani kwenye rundo lako la 28, wengi hawana ugonjwa wowote, na wagonjwa wawili wamebaki nje. Mwalimu mkuu akishapata ile orodha, hao 18 atawaambia nini?

MzaziNyamasaria

Mimi ni mzazi tu, nisamehewe kuingilia. Mwanangu alijaza fomu kama hiyo shule nyingine na baada ya wiki moja darasa zima lilijua nani "ana kichwa". Alianza kusema anaumwa kila Jumatatu. Ningejua karatasi itasomwa ofisi ya walimu penye chai na mandazi, nisingetia sahihi.

Mwalimu, hiyo sahihi ya wazazi ilisema nini hasa? Kama ilisema ni kwa ajili ya ushauri, basi kutafutia simu zilizopotea ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto, na zitumike kwa faida ya mtoto. Mwambie naibu atafute simu zake kwa njia nyingine.

Muuguzi_Kondele

Mama Nyamasaria amesema kweli. Naongeza kwamba ukimpa naibu jibu la swali hilo moja, mwaka ujao hutapata "kweli" hata moja kwenye fomu nzima. Watoto wanaambiana.

Sasa yule msichana, ambaye ndiye aliyenifanya nirudi. Mwalimu, amini macho yako. Fomu inapima kile ambacho kijana amekubali kukiandika siku ile, kwenye dawati la watu wawili, na mwenzake anachungulia. Isitoshe, SDQ haina swali hata moja kuhusu kutaka kufa au kujidhuru. PHQ-9, ile fomu ya kupima sonona, ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, inalo, la mwisho kabisa. Kwa hiyo 11 haikuambii lolote kuhusu jambo unaloliogopa.

Mwite peke yake, mlango ukiwa umefungwa lakini dirisha wazi, na umuulize moja kwa moja: umewahi kufikiria kwamba ni afadhali usiwepo? Hutampandikizia wazo. Wengi hupumua tu mtu akiuliza. Akisema ndiyo, siku hiyo hiyo asirudi nyumbani peke yake, mtafute mtu mzima anayemwamini, na mje naye hospitalini. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Na kama kuna mwalimu atakayekuogofya kwa habari za polisi, mwambie Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kuwa kinyume cha Katiba. Usiku ukikukuta, namba ya watoto ni 116, haina malipo.

MwalimuAhero

Asanteni sana. Ya kinyumenyume nilikuwa nimeyahesabu vizuri, bi muuguzi, lakini ya safu moja sikuwa nimeyawaza. Mwanasoka ameteremka "kweli kabisa" mwanzo hadi mwisho, na chini amechora mpira. Kuna wengine wanne wa safu ya kati, wote dawati la nyuma.

Msichana tumezungumza jana. Aliyoniambia sitayaandika hapa. Alimtaja shangazi yake, nimempigia, na Alhamisi tunakwenda naye Russia, ile hospitali kuu ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu, kitengo cha afya ya akili.

Mwalimu mkuu nimempa idadi tu, bila majina, pamoja na nakala ya ile idhini ya wazazi, nikiwa nimepiga mstari chini ya maneno "kwa ajili ya ushauri". Ameisoma mara mbili, akasema sawa. Naibu hanisalimii.

Hao watano wa safu moja niwape fomu upya, au niwaache?

Muuguzi_Kondele

Wape, lakini mmoja mmoja, chumbani kwako, asubuhi. Aliyejaza safu moja kwa mzaha utamwona anacheka. Asiyecheka, zungumza naye. Dawati moja la nyuma lote limeteremka safu ya kati? Ningeuliza pia kama wanasoma vizuri.