Chipukizi kapata jina ghafla, sasa kila siku kanuna: mudi za wachezaji na wasanii mnazidhibiti vipi?

Kipenga_cha_Mwisho

Habari za jioni wakuu. Naomba mada hii tuijadili kitaalamu.

Kijana anatoka timu ya mtaani anafika ligi kuu ndani ya msimu mmoja. Au binti anatoa wimbo mmoja, redio zote zinaupiga. Tunategemea furaha, lakini baada ya miezi miwili mitatu unamkuta mtu wa kununa, anamfokea meneja, chakula hakishuki, na baada ya mechi au shoo anajifungia chumbani. Wengi tunasema "huyu kalewa sifa" na kumkaripia. Baadaye anaporomoka, tunabaki kushangaa.

Anapoanza kununa, kitu cha kwanza kuangalia ni nini? Kuna namna ya kufuatilia mudi kila siku bila kumfanya ajione mgonjwa? Hasira ya uwanjani inatulizwaje ndani ya sekunde chache? Na ni lini suala linatoka kwa kocha na meneja linakwenda kwa daktari? Naomba hatua, vipimo na makosa yanayofanyika. "Awe mvumilivu" tumeshaisikia sana.

Kocha_wa_Viungo

Mkuu Kipenga, anza na mwili. Kijana aliyepanda haraka amebadilishiwa usingizi, chakula na mzigo wa mazoezi kwa mpigo. Kimojawapo kikiyumba, mara nyingi mudi ndiyo huonyesha mapema, kabla hata kasi haijapungua.

Mzigo unapimika kwa kalamu. Dakika 30 baada ya mazoezi muulize: kutoka 0 hadi 10, yalikuwa magumu kiasi gani? Zidisha jibu lake kwa dakika alizofanya. Dakika 90 kwa ugumu wa 7 ni 630. Jumlisha wiki nzima. Aliyezoea 2,000 kwa wiki akisukumwa ghafla hadi 3,200, kununa kwake kuna maelezo, hata kama kocha mpya anaona hayo ni mazoezi ya kawaida. Ila usimuulize mbele ya wenzake. Atasema 4 huku miguu inatetemeka.

Asubuhi, kabla hajagusa simu, ajaze mistari mitano: usingizi, uchovu, maumivu ya misuli, msongo wa mawazo, mudi. Kila mstari 1 (mbaya sana) hadi 5 (safi kabisa), kwa hiyo jumla ya juu ni 25. Usimlinganishe na mwenzake. Kuna mtu ambaye 17 ndiyo kawaida yake na anacheza vizuri tu. Siku 14 za kwanza kusanya bila kubadilisha chochote, upate wastani wake. Baada ya hapo, akiwa pointi 4 chini ya wastani huo kwa siku 3 mfululizo, kata mazoezi ya siku hiyo nusu, mkae pembeni muongee. Hiyo pointi 4 ni kanuni ya kazi, si sheria ya maabara, irekebishe kulingana na mtu wako.

Daftari hilo lisitumike kamwe kupanga kikosi. Siku atakayogundua kwamba 2 ya mudi ndiyo iliyomweka benchi, kuanzia kesho yake utaona 5 tupu, na hutajua tena chochote kuhusu yule kijana.

Chakula: wachezaji wengi wachanga wakihamia mjini wanakula kidogo kuliko walivyokula nyumbani, kwa sababu hakuna anayewapikia na mazoezi yanaisha wamechoka. Ndani ya saa moja baada ya mazoezi apate wanga kama gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Kijana wa kilo 65 anahitaji sahani ya wali yenye kama gramu 230 za wali uliokwisha pikwa. Ongeza mayai mawili na glasi ya maziwa ya mililita 250, hapo protini inafika gramu 20 hivi. Mwili ukikaa wiki nyingi na nguvu pungufu kuliko inayotumika, mtu anakuwa mwepesi wa hasira, analala vibaya, anaumia mara kwa mara. Kwa wasichana, hedhi ikikosekana miezi mitatu ni kengele ya hatari. Msimwambie kwamba hiyo ni kawaida ya wanamichezo, mpelekeni hospitali.

Na kabla hujamwita mvivu, apimwe damu: hemoglobini (wingi wa damu) pamoja na feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Hemoglobini inaweza kuwa sawa huku akiba imeisha. Madaktari wengi wa michezo huanza kuifanyia kazi feritini ikiwa chini ya 30. Lakini asinunue vidonge vya chuma kiholela, chuma kikizidi kinadhuru ini.

Sauti_ya_Nne

Upande wa muziki mwili unachoka kwa ratiba nyingine kabisa. Shoo inaanza saa 6 usiku, inaisha saa 9, mwili bado unachemka, halafu saa 2 asubuhi ana mahojiano redioni. Hapo katikati kuna makopo ya kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 huwa na kafeini kama miligramu 80, na mwili huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu yake. Akinywa mawili saa 5 usiku, saa 10 alfajiri bado ana kama miligramu 80 kwenye damu, sawa na aliyefungua kopo jipya. Anaongeza pombe ili alale, na pombe inamlaza kweli, lakini inauvunjavunja usingizi nusu ya pili ya usiku. Akifanya hivyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, Jumatatu utakutana na mtu mwingine kabisa.

Mameneja, andikeni kwenye mkataba wa shoo: hakuna mahojiano kabla ya saa 7 mchana siku inayofuata. Mapromota wanakubali kama imeandikwa mapema. Ukiomba usiku wa shoo hawakusikii. Kafeini ya mwisho iwe angalau saa 6 kabla ya muda wa kulala. Baada ya jukwaa: maji, chakula chepesi, oga maji ya uvuguvugu, taa hafifu. Watu waliojazana nyuma ya jukwaa waagwe ndani ya dakika 30.

Ule mshuko wa baada ya kilele nao mtu aambiwe mapema. Muogeleaji Michael Phelps, mwenye medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake za dhahabu, amesema wazi kwamba baada ya kila Olimpiki alianguka kwenye sonona. Mcheza tenisi Naomi Osaka alimshinda Serena Williams fainali ya US Open 2018 akiwa na miaka 20, uwanja ukiwa umejaa kelele za kuzomea. Mwaka 2021 alipojitoa French Open, baada ya kutozwa faini ya dola 15,000 kwa kutohudhuria mkutano na waandishi, alieleza kwamba vipindi virefu vya sonona vilianza baada ya lile taji la 2018. Yaani hata ushindi unaweza kufungua mlango. Kwa hiyo panga siku 7 baada ya tamasha kubwa au fainali kama unavyopanga siku 7 kabla yake: siku 2 hana kazi yoyote, siku ya 3 atoke nje atembee, siku ya 4 akutane na watu waliomjua kabla ya jina, siku ya 5 arudi studio kwa kazi ndogo isiyo ya kuuza.

Kuna jambo watu hawaliweki kwenye fungu la mudi, nalo ni hesabu za wimbo. Kinyongo kingi kwenye makundi kinatokana na wimbo uliorekodiwa bila karatasi. Siku ileile ya kurekodi, kabla mtu hajatoka studio, andikeni nani katunga maneno, nani katengeneza mdundo, nani kaimba, na asilimia za kila mmoja zikifika 100. Wote wasaini, kila mmoja apige picha ya karatasi. Kwa Tanzania, kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haijaanza kusambaa. Wimbo ukishakubalika, kila mtu anakumbuka mchango wake kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa, na hapo hakuna mazungumzo, ni ugomvi. Vilevile asisaini mkataba wowote usiku wa shoo au siku ya ushindi. Zipite kwanza saa 72, awe amelala, na mtu anayejua sheria awe ameusoma.

Bint_Pangani

Nachangia kwenye hasira ya uwanjani tu.

Pumzi inafanya kazi, ila inafundishwa vibaya. Wanaambiwa "vuta pumzi ndefu", kijana anavuta kwa nguvu mara kumi haraka haraka, kichwa kinazunguka na vidole vinamchonyota kwa sababu ametoa hewa ya kaboni nyingi mno. Linalotuliza ni kutoa polepole. Avute kwa pua sekunde 4, atoe kwa mdomo sekunde 6 kama anapuliza chai, mara 6 kwa dakika, dakika 5 kila siku. Afanye hivyo wiki 2 akiwa ametulia. Akijaribu mara ya kwanza siku ya mechi haitamsaidia, atabaki akisema ni uongo. Akishazoea, uwanjani pumzi 2 zinatosha.

Ya pili ni mpango wa maneno machache wenye "nikifanyiwa" na "nitafanya". Mfano: "Nikichezewa rafu, nageuka, navuta soksi, natoa pumzi, natafuta jezi ya mwenzangu." Kitendo kiwe cha mwili na kiwe kilekile kila mara. "Nitatulia" si mpango, mwili haujui kutulia ni kufanya nini. Kisha mazoezini mwenzake amchokoze kwa makusudi, amvute jezi, amtukane, naye atekeleze. Tusiwachukulie wakongwe kana kwamba hawahitaji hili. Fainali ya Kombe la Dunia 2006 pale Berlin, Zinedine Zidane wa Ufaransa alifunga penalti dakika ya 7, na dakika ya 110 akampiga Marco Materazzi wa Italia kichwa kifuani. Kadi nyekundu, Ufaransa ikafungwa kwa penalti 5-3. Alikuwa na uzoefu wote ambao mchezaji anaweza kuwa nao.

Na acheni kumwambia kijana apige mto au ngumi ukutani "atoe hasira". Hasira haitoki hivyo, anaifanyia mazoezi.

Kuhusu simu, sikubaliani na wanaosema afute akaunti zote. Kwa msanii hiyo ni duka lake. Kwa saa 24 baada ya mechi au shoo, nywila ikae kwa mtu mmoja anayeaminika, yeye ndiye aposti. Kwenye mipangilio weka orodha ya maneno ya matusi yafichwe, na usisahau matusi ya Kiswahili, maana kichujio cha mtandao wenyewe hayo mengi hakiyajui. Andika kila neno na tahajia zake za mtaani.

Daktari_wa_Zamu

Nimefurahi kwamba mmeanza na usingizi na damu. Naongeza mpaka wa kwenda hospitali.

Kuna dodoso liitwalo PHQ-9, lipo pia kwa Kiswahili. Maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu 0 hadi 3, jumla 27. Akifikisha 10 au zaidi, aonane na mtaalamu wa afya ya akili. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo jibu lolote zaidi ya 0 linamaanisha siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, hata kama jumla ni 4. Kumuuliza waziwazi hakumpandikizii wazo hilo, kwa hiyo muulizeni.

Kuna hali inayofichwa kabisa na maneno "kalewa sifa". Mtu analala saa 3 kwa siku nyingi na hachoki, anaongea mfululizo, anagawa fedha hovyo, ana mipango kumi kwa siku, ukimpinga anawaka. Baada ya jina jipya watu wanaona ni majivuno. Inaweza kuwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na akipewa dawa za sonona peke yake bila daktari kuligundua hilo, anaweza kupandishwa zaidi. Mwambieni daktari na vipindi vya kupanda, si vya huzuni tu.

Kwa mabondia na wachezaji wa mpira: hasira mpya zilizoanza baada ya kugongwa kichwa ni dalili ya ubongo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Asirudi uwanjani siku hiyo.

Dawa nazo. Dawa za sonona zinazotumika zaidi, kama fluoxetine na sertraline, hazimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, kwa hiyo mchezaji asiache tiba kwa hofu ya vipimo. Bangi "ya kupunguza mawazo" imekatazwa wakati wa mashindano, na mabaki yake yanaweza kukaa kwenye mkojo kwa wiki kwa mtumiaji wa kila siku. Propranolol, ambayo wasanii hupeana nyuma ya jukwaa ili mikono isitetemeke, ni hatari kwa mwenye pumu, na imekatazwa kwenye michezo kama kulenga shabaha.

Mwisho, hofu isichanganywe na kisirani. Mwanajimnastiki Simone Biles alipojitoa fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo 2021, alikuwa amepoteza hisia ya mwili wake uko upande gani akiwa hewani. Kwenye jimnastiki kulazimisha hapo ni kuvunjika shingo. Alirudi siku chache baadaye akachukua shaba, na Paris 2024 akapata dhahabu tatu.

Kipenga_cha_Mwisho

Shukrani sana wakuu, na wewe dada Bint Pangani. Swali dogo: lile daftari la asubuhi, kijana asiyependa kuandika afanyeje?

Kocha_wa_Viungo

Atume namba tano kwa sauti au ujumbe, mfano "4 3 3 2 4", kwa mpangilio uleule kila siku, kabla ya saa 2 asubuhi. Wewe unaandika. Usimjibu kwa maswali kila siku, atachoka na kuacha. Jibu "nimepata", na simu ipigwe siku ile namba zikishuka tu. Akikosa kutuma siku 2 mfululizo, hesabu kimya hicho kama namba ya chini na umfuate alipo.