Mtaa wa mataifa vitani: mabalozi wasaidia ama ni karatasi tu?

Baharia wa Kibokoni
Nauliza jamani. Shanghai 1937 Mjapani na Mchina wapigana, na hapo mjini pana mtaa wa kimataifa wenye baraza lake, Muingereza na Mmarekani ndo wenye sauti. Mabalozi wakahangaika vita visiingie mle, Muingereza akamwambia Mjapani toa askari wako raia wako tutawalinda sisi, akakataa. Mimi bado nasema zile juhudi zilifaa, maelfu waliokimbilia mle walipona.

Kijana Changamwe
Walipona wapi kaka? Agosti 14 mabomu ya ndege za China yenyewe yaliangukia Nanjing Road mlangoni mwa mahoteli makubwa, mengine yakaanguka penye jumba la burudani ambapo wakimbizi walikuwa wamejazana, watu zaidi ya 1,000 siku moja. Na Mjapani alipigania kutoka Hongkew, ambayo iko ndani ya mtaa huohuo! Ule ulikuwa mtaa wa wazungu kujilindia mali zao, sawa na Mwambao wetu, huu ukanda wa pwani ya Kenya, Sultani wa Zanzibar alivyomkabidhi Muingereza.

Bi Mkubwa wa Kuze
Mwanangu hapo kwa Mwambao umeteleza. Mkataba wa 1895 ulimpa Muingereza kutawala tu, nchi ilibaki ya Sultani na bendera yake nyekundu ikipepea Ngomeni Mombasa mpaka 1963. Usitufananishe na mtaa wa matajiri wa biashara.

Kijana Changamwe
Bendera ililinda nini mama? Babu yangu alilima shamba maisha yake yote akafa bila taitoli. Msinikasirikie mimi, kasirikieni waliotia sahihi.

Mtu wa Likoni
Haya sasa ishakuwa Mwambao 😡 Baharia kauliza Shanghai. Hakuna aliyemtaja padri Jacquinot, Mfaransa mwenye mkono mmoja, alikwenda kwa Mjapani akarudi kwa meya wa Kichina mpaka wakakubali eneo la raia pale mji mkongwe, Novemba 1937, robo milioni ya watu wakajisitiri na askari marufuku. Hakuwa balozi wala hakuwa na meli ya kivita, na kifungu cha 15 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, ule wa kulinda raia vitani, chafuata njia hiyohiyo.

Kijana Changamwe
Padri tena. Kila wema lazima uwe wa mmishonari?

Mtu wa Likoni
Dini yake haikuingii wewe! Waliolala mle na watoto wao walikuwa Wachina, hao ndo wa kuulizwa.

Baharia wa Kibokoni
Ahsante Likoni, lakini mji wa Nanjing nao walitenga eneo kama hilo, John Rabe mfanyabiashara Mjerumani akiongoza, Mjapani hakulitambua rasmi, na mwezi uliofuata, Desemba, askari wake wakaingia wakatoa wanaume wakawaua. Kwa hivo akikosekana wa kumzuia mwenye nguvu...

Bi Mkubwa wa Kuze
Ndo hapo basi. Oktoba 1963 Kenyatta, waziri mkuu wa Kenya, na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua kuhusu Mwambao, makadhi watabaki na hati za ardhi zitaheshimiwa. Barua zipo. Nani alisimama kuzidhamini?

Kijana Changamwe
Mama hapo nakubaliana nawe, ila hati hizo zilikuwa za nani? Si za babu yangu.

Bi Mkubwa wa Kuze
Babu yako alilima shamba la nani, na wapi? Sema tujue.