Diski tatu, deki moja: ya Japani ina namba 2 kama deki yangu, mbona haina rangi?

BabaSalha

Wakuu, salamu. Naombeni msaada kabla sijairusha hii deki dirishani.

Deki ni ya DVD, ilitoka Ujerumani pamoja na TV yake ya chogo. Mgongoni ina kijialama cha dunia chenye namba 2 katikati. Miaka yote imesoma diski za Ulaya bila maneno. Sasa binti yangu anasoma Marekani, amekuja likizo na diski tatu.

Ya kwanza ni katuni aliyoinunua dukani hukohuko Marekani. Deki inaizungusha, inanguruma, halafu yanatokea maandishi kwamba kanda siyo. Haichezi hata sekunde moja.

Ya pili ni filamu aliyoinunua Japani alipopita kule. Kwenye kasha kuna namba 2, nimeiangalia na miwani. Inacheza na sauti ni safi, ila picha ni nyeusi na nyeupe na inapanda juu muda wote kama pazia linalovutwa.

Ya tatu ndiyo inayoniuma. Ni mahafali yake. Rafiki yake alirekodi, akachoma mwenyewe kwenye diski tupu, haina namba yoyote, imeandikwa jina kwa kalamu tu. Nayo vilevile: sauti ipo, rangi hakuna, picha inapanda. Mama yangu ana miaka 81 na kila siku ananiuliza ni lini atamwona mjukuu wake na joho.

Kama tatizo ni namba, mbona yenye namba sahihi inasumbua, na isiyo na namba inasumbua hivyohivyo?

Kijana_wa_Waya

Safisha lenzi mkuu. Pamba na spiriti, dakika mbili umemaliza.

FundiMstaafu

Baba Salha, usiguse lenzi. Lenzi ikichafuka picha inakwama, inakatika viboksi viboksi, au deki inasema haioni diski. Lenzi haili rangi. Kijana, samahani, lakini nimeona deki nyingi zilizokuwa nzima zikauawa na hiyo pamba.

Una magonjwa mawili yaliyokuingia siku moja, ndiyo maana hesabu yako haifungi.

La kwanza ni kanda. Na hapa simaanishi kanda ya kaseti, wazee wenzangu, namaanisha eneo. DVD zilipoanza kuuzwa, Japani mwishoni mwa 1996, kampuni za filamu zilitaka filamu iweze kutoka Marekani leo na kwingine baada ya miezi, bila diski kuwahi kufika kabla ya filamu yenyewe kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Wakaigawa dunia. Marekani na Kanada 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini 2. Kusini-mashariki mwa Asia na Korea Kusini 3. Amerika ya Kusini, Meksiko na Australia 4. Urusi, India na sehemu kubwa ya Afrika 5. China 6. Hata ndege na meli za abiria zina yao, 8. Deki inasoma namba ya diski, inalinganisha na yake, na zisipolingana inagoma. Hiyo ndiyo katuni yako, na ndiyo peke yake yenye ugonjwa huo.

La pili halihusiani na namba kabisa. Ni mfumo wa picha. Marekani na Japani wanatumia NTSC: mistari 480 inayoonekana, picha karibu 30 kwa sekunde. Ulaya ni PAL: mistari 576, picha 25 kwa sekunde, na rangi inafungwa kwa namna nyingine. Japani ikapewa kanda moja na Ulaya huku mfumo wake wa picha ukiwa mmoja na Marekani. Kwa hiyo anayesema namba 2 inatosha hadanganyi, anasema nusu.

Diski ya mahafali haina kanda, hakuna anayeiweka kwenye diski ya kuchoma nyumbani. Lakini kamera na kompyuta ya huko viliitengeneza kwa NTSC. Deki yako inaisoma na kuitoa ilivyo, TV inapokea isichokizoea: inakosa rangi, na picha inapanda kwa sababu kila picha huchorwa kwa mapigo mawili, na mapigo yanakuja 60 kwa sekunde nayo imezoea 50.

Sasa fanya hivi. Toa diski, ingia kwenye menyu ya mipangilio kwa rimoti, tafuta penye aina ya TV. Utakuta PAL, NTSC na AUTO, na nakisia yako iko AUTO. Weka PAL, kisha rudisha diski. Deki nyingi za Ulaya zinaweza kugeuza zenyewe. Picha haitakuwa laini kama ya diski za kwenu, kwa sababu kulazimisha 60 ziingie kwenye 50 ni lazima nyingine zidondoke njiani. Kitu kinachotembea kitaonekana kinashtukashtuka.

Nuru_77

Mimi nakuongezea njia ya kompyuta, kwani PAL na NTSC kwake ni mamoja, inachora zote. Mahafali ingechezeka humo bila shida, na ile ya Japani pia kama kisomaji kiko kanda 2. Lakini ANGALIA na hiyo katuni. Visomaji vya DVD vya kompyuta vilivyotengenezwa tangu 2000 vinakuruhusu kubadili kanda mara tano tu. Ya tano ndiyo ya kufa nayo. Hata ufute kila kitu na kuweka programu upya hakina huruma, hesabu imeandikwa ndani ya kisomaji chenyewe. Mimi nilizimaliza kwa uzembe wa wiki moja, leo diski hii, kesho ile, nikabaki na kompyuta ya kanda 1 na kabati la diski za kanda 2.

BabaSalha

Fundi, asante sana, hapo kwenye Japani umenifungua macho. Nitajaribu jioni, rimoti iko kwa wajukuu. Swali la haraka: binti anasema ataniletea deki kutoka hukohuko Marekani ili tuache kusumbuka. Sawa?

FundiMstaafu

Mzuie. Kwanza deki nyingi za Marekani hukataa PAL kabisa, tofauti na za Ulaya zinazomeza vyote. Utakuwa umehamisha tatizo kwenda kwenye diski zako za zamani. Pili, soma mgongoni palipoandikwa volti. Ikisema 100–240V, salama, unabadili plagi tu. Ikisema 120V peke yake na umeme wako ni 230, utanusa moshi kabla hujaona picha. Mwambie atafute deki ya kanda zote, inayogeuza PAL na NTSC. Zinauzwa waziwazi.

Kama siku moja utaachana na TV ya chogo, TV bapa zilizouzwa Ulaya kwa kawaida zinapokea 50 na 60 kupitia waya wa HDMI. Za Marekani nyingi hazitaki 50.

Na kwa kuwa nimeshakaa kwenye kiti: filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Kwenye PAL huendeshwa 25, basi. Filamu ya saa mbili inakwisha kwa dakika 115 na sauti za watu zinapanda kidogo. Mke wangu alikuwa hasikii tofauti, mimi ilikuwa inanikera hadi kwenye nyimbo.

Kijana_wa_Waya

Sawa fundi, pamba nimeweka chini. Na Blu-ray je, zile diski zilizokuja baada ya DVD?

FundiMstaafu

Ugawaji mwingine kabisa. Herufi tatu: A ni Amerika zote, Japani, Korea na Kusini-mashariki mwa Asia; B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia; C ni China, India, Urusi na Asia ya Kati. Japani safari hii wamekaa na Marekani. Filamu nyingi zinawekwa picha 24 zilezile dunia nzima, kwa hiyo ugomvi wa PAL umepungua sana. Diski za 4K hazina kanda.

BabaSalha

Narudi na majibu. Ilikuwa AUTO kweli. Nimeweka PAL, rangi zimeingia, picha imetulia. Ya Japani pia inacheza. Katuni nimeiacha kwenye kasha lake, binti ataondoka nayo. Kompyuta sitaigusa, Nuru amenitisha.

Mama tumemkalisha mbele kabisa. Binti akaitwa jina, akaanza kuvuka jukwaa na joho lake. Ile mishtuko uliyosema, fundi, ipo. Mama akasogea karibu na kioo, akanigeukia kwa hasira: mjukuu wangu aliumia mguu huko, mbona hamkuniambia?

Nimeelezea mapigo 60 na 50 mpaka nimechoka. Hadi sasa binti anatembezwa sebuleni, aende na arudi, bibi yake anamkagua.