Mashine ya kukata nyasi inazunguka nusu kisha inakwama, betri mpya. Msaada wakuu

mlinda_uwanja
Wakuu, habari za leo. Natunza viwanja vya shule moja huku Usa River. Tuna mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia kama trekta, silinda moja, ilikuja mtumba kutoka Uingereza. Kiangazi chote ililala stoo. Sasa masika yameanza, nyasi zimefika magotini, na Jumamosi watoto wana michezo.

Nikizungusha funguo, injini inashtuka, inakwenda kama nusu mzunguko, halafu "gu!", imekwama. Mwaka jana nilikuwa nikirudia mara tatu nne inapita na kuwaka, na ikishawaka haina tatizo. Wiki hii imegoma kabisa. Nimeweka betri mpya, hali ni ile ile. Fundi wa jirani anasema stata imekufa, ninunue nyingine. Bei aliyonitajia ndiyo imenileta hapa. Natanguliza shukrani.

kijana_wa_meru
Nunua mbuzi sita mkuu. Hawana stata.

mama_wawili
Kaka, umekanyaga breki mpaka mwisho? Hizi mashine zina swichi kwenye pedali ya breki na kwenye wenzo wa visu, nyingine chini ya kiti. Ya kwetu ilitusumbua wiki nzima, kumbe panya alitafuna waya chini ya kiti.

mlinda_uwanja
Dada, breki nakanyaga na visu nimevizima. Waya wa kiti ni mzima, nimechungulia.

dereva_wa_zamani
Chukua bisibisi ndefu, gusanisha zile nati mbili kubwa za solenoidi, ile swichi inayopeleka umeme kwenye stata. Ikizunguka, ujue kosa liko kwenye funguo au solenoidi. Dakika moja tu.

spana_kumi
Hapana, tafadhali. Ukigusanisha pale unaruka swichi zote za usalama. Gia ikiwa imeingia na injini ikawaka, mashine inakupanda wewe uliyeinama mbele ya tairi. Halafu haitakuambia kitu kipya. Swichi ya breki au ya visu ikikataa, stata haishtuki hata kidogo. Yeye yake inazunguka nusu, maana yake umeme umeshafika kwenye stata. Tuachane na swichi.

Mlinda, una mita ya umeme? Pima betri ikiwa imetulia, kisha mtu apime wakati wewe unazungusha funguo. Na hapo inapokwama, zima, chomoa funguo, halafu zungusha injini kwa mkono kupitia ile feni ya juu. Unasikia nini?

mlinda_uwanja
Imetulia inasoma volti 12.7. Nikizungusha funguo inashuka hadi 10.3. Kwa mkono inakwenda laini, ikifika sehemu moja inakuwa ngumu kweli kweli. Nikilazimisha inapita, kisha laini tena.

spana_kumi
Betri iache, ingeshuka chini ya 9.5 hivi ndipo ningeitilia shaka. Kaza tu vichwa vyake na usafishe waya wa ati (ule wa hasi) pale unapofungwa kwenye chesesi, kutu hukaa hapo.

Sasa fungua plagi. Waya wake uuweke mbali na tundu na uuegemeze kwenye chuma, usitoe cheche karibu na mvuke wa petroli. Washa bila plagi. Simama pembeni, usichungulie.

mlinda_uwanja
Inazunguka kama cherehani! Hakuna petroli iliyoruka. Nimechomoa na kijiti cha oili, hainuki petroli.

spana_kumi
Basi usinunue stata. Ingekuwa imeruka petroli, tungesema kabureta inavuja na kujaza silinda. Lako ni tapeti, yaani marekebisho ya uwazi kati ya vali na roka, kile kimkono kinachoisukuma.

Iko hivi: stata ndogo kama hiyo haiwezi kushinda kompresheni yote (hewa inayobanwa na pistoni) ya silinda moja kubwa. Kwa hiyo waliotengeneza wameweka kitu kwenye kemu (mhimili unaofungua vali) kinachoinua vali moja kidogo sana wakati injini inazunguka polepole, pumzi kiasi itoke. Ikishawaka na kushika kasi, kinajiondoa. Tatizo ni kwamba huo mwinuko ni mdogo mno. Tapeti zikilegea, mwinuko wote unaishia kwenye uwazi, vali haisogei, pistoni inagonga ukuta wa hewa. Ndiyo hiyo "gu!" yako. Watu wananunua betri, wananunua stata, na mashine inaendelea kukwama.

Injini ikiwa baridi kabisa, toa waya wa hasi kwenye betri, fungua kava ya vali. Zungusha kwa mkono hadi pistoni ifike juu vali zote zikiwa zimefunga, kisha ipitilize kidogo, kama milimita 6. Pima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi. Vipimo fuata kitabu cha injini hiyo, usikisie.

mzee_wa_gereji
Spana kasema kweli. Nyongeza moja: usikaze mno. Tapeti ikibana, vali haifungi vizuri, na ya moshi huungua.

mlinda_uwanja
Wakuu, nimerudi. Kitabu kinasema vali ya kuingiza 0.10 mm, ya moshi 0.15. Ya kuingiza nimekuta karibu 0.40! Ya moshi 0.25. Nimelegeza skrubu ya katikati, nikakaza nati ya roka polepole mpaka geji inapita kwa kukwaruza. Gasketi ilichanika, nimepaka silikoni. Petroli ya mwaka jana nimeimwaga yote, ilikuwa inanuka kama vanishi.

Funguo mara moja tu, imewaka. Nimekata nusu ya uwanja kabla giza halijaingia. Fundi wa jirani amepita, ameangalia, hakusema kitu.

mama_wawili
Hongera kaka! Mimi nakwenda kufungua kava ya kwetu kesho.

spana_kumi
Safi. Asubuhi kabla ya kuwasha angalia chini ya hiyo silikoni kama oili inatoka, na upime tena tapeti ikiwa baridi. Nati ikikazwa mara ya kwanza huwa inajikalisha. Na nyasi za magotini usizikate chini mara moja, inua visu juu kabisa, kata, halafu rudia siku ya pili. Mkanda wa visu utakushukuru.

kijana_wa_meru
Ofa ya mbuzi bado ipo.